Kikombe Ambacho Athanasie Hakukionja

Na ijulikane kwa wakazi wote wa Kabeza, kwa wapita njia wa barabara ya uwanja wa ndege, na kwa mahakama zote, za mawe na za mezani, kwamba Athanasie, binti wa fundi cherehani wa Buyenzi, mjane, Mkatoliki, mwenye leseni halali ya kuuza vinywaji na mbuzi wa kuchoma, aliwahi kuwa muuaji. Alianza na cheo cha juu kabisa, muuaji wa kukusudia. Kabla jua halijazama akateremshwa kuwa muuaji wa uzembe. Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, akapandishwa tena, bila mshahara. Kuhusu marehemu wake msiwe na haraka. Hata yeye mwenyewe alikuwa hajapewa taarifa.

Athanasie alizaliwa Bujumbura, kwa wazazi waliokimbia Rwanda na cherehani kichwani. Kiswahili alikiokota barabarani Buyenzi, pamoja na matusi yake yote, ambayo sasa anayatumia kwa mbuzi tu. Baadaye akarudi Kigali, yaani akafika kwa mara ya kwanza, maana hivyo ndivyo wengi wetu tulivyorudi. Akaolewa, akafiwa na mume kwa ugonjwa wa kawaida kabisa, akafungua kabare, baa ndogo ya meza sita, mtaa wa Kabeza, chini ya bati la kijani. Ndege ikishuka uwanja wa Kanombe, mazungumzo yanasimama, kila mtu anashika glasi yake, halafu mazungumzo yanaendelea palepale yalipokatikia.

Wateja wake ni watu wa Kiswahili: waliolelewa Burundi, Warundi wenyewe, Watanzania wa biashara, Wakenya wa ofisini. Wanakuja kwa ajili ya mishikaki, ndizi za kuchoma na urwagwa, pombe ya ndizi anayoletewa na ushirika wenye vibali vyote. Lakini zaidi wanakuja kwa sababu Athanasie anajua kunywesha watu.

Hilo si jambo dogo. Kwetu chupa haifunguliwi jikoni. Inaletwa ikiwa imefungwa, mteja anaitazama, anaigusa kama baridi imeingia, ndipo kizibo kinaruka mbele ya macho yake. Na pombe isiyo na kizibo, ile ya jagi, anayekupa lazima aionje kwanza. Anapiga funda, anameza, anasubiri kidogo, anakukabidhi. Maana yake: kama ni kufa, tutakwenda wote. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti, wala hakuna anayekunywa bila hilo. Ukimwuliza mtu wa Kabeza kama anaogopa sumu atacheka sana, huku akikutazama mkono.

Athanasie alionja kila jagi kwa miaka yote hiyo. Mpaka mwaka huu, Kwaresima ilipoingia, alipotangaza kwamba hatagusa pombe mpaka Pasaka. Jumuiya yake ndogo ndogo ilimpigia makofi. Katekista akamtoa kama mfano kanisani: "Kama mwenye kabare ameweza, wewe mwenye ofisi unashindwa nini?" Athanasie aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Toka siku hiyo, hata angetaka, asingeweza kurudi nyuma. Mfungo wa kimya kimya unaweza kuuvunja kimya kimya, lakini mfungo uliopigiwa makofi una walinzi.

Sasa Jumamosi mchana akaja Protas. Huyu ni Mhaya wa Bukoba, dalali wa mchele, mtu mnene mwenye kicheko kinachotangulia mlangoni. Alikaa meza moja na Vitalis, Mkenya wa kampuni ya bima, ambaye kila jioni huangalia tamthilia za mahakama za Marekani na kila asubuhi huwa wakili. Athanasie akaleta jagi jipya, akajaza vikombe viwili. Cha Protas akakipandisha kuelekea midomo yake mwenyewe kwa mazoea, kikasimama hewani, kikashuka. Akamkabidhi hivyo hivyo.

"Leo huonji, dada yangu?" Protas akauliza.

"Kwaresima."

"Mungu akuzidishie," akasema Protas, akanywa nusu kikombe kwa pumzi moja.

Hakumaliza kupangusa mdomo. Uso ukamvimba wekundu kama nyanya, jasho likamtoka, akasema, "Jamani, moyo unapiga ngoma," akatapika kwa adabu pembeni, kisha akateleza chini ya meza kama gunia la mchele wake mwenyewe.

Shafiq, fundi magari wa jirani, aliyekuwa anakunywa juisi ya maracuja, yaani pasheni, kama Mwislamu anavyotakiwa, ndiye pekee aliyesimama bila kuyumba. Alimbeba Protas akisaidiwa na wengine, wakamtupa ndani ya gari la mteja lililokuwa gereji, wakaondoka kwa kasi kuelekea hospitali. Halafu mtu, hatukuwahi kumjua ni nani, akasema neno moja la Kiswahili safi:

"Hakumwonjea."

Kabeza nzima ilikuwa imepata habari kabla Shafiq hajafika hata mzunguko wa Sonatubes.

Umutoni, mpwa wake Athanasie, alikuja mbio. Anasoma sheria, mwaka wa pili, umri ule ambao mtu anajua vifungu vyote na bado hajakutana na mtu aliyevivunja. Alimkuta shangazi yake amekaa kwenye stuli, mikono mapajani, na kundi la watu limemzunguka kama kamera.

"Haya ni mauaji ya digrii ya kwanza," Vitalis alikuwa anahubiri. "Ameandaa, amemimina, hakuonja. Digrii ya kwanza kabisa. Mimi nampenda Mama, lakini ukweli lazima usemwe."

"Vitalis, wewe hiyo digrii ya kwanza ya chuo umeimaliza?" ikauliza sauti kutoka nyuma.

"Hapa hakuna digrii," akasema Umutoni. "Hizo ni za filamu zako. Sheria ya hapa inauliza maswali, kaka."

"Kama gani?"

Umutoni akachukua mshikaki mezani, uliobaki na kipande kimoja cha ini. "Nikichukua huu nikakuchoma kifuani kwa sababu nataka ufe, nimeua kwa kukusudia. Kifungo cha maisha."

"Na kama umeunoa tangu Jumatano?"

"Kifungo ni kilekile. Umemrahisishia kazi mwendesha mashtaka tu." Akaushusha mshikaki. "Haya. Nimekupiga ngumi kwa sababu umekula ini langu. Nataka uumie. Wewe ukaangukia ukingo wa saruji, ukafa."

"Mbona mimi tu ndiye ninayekufa?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayeongea. Hapo sikutaka ufe, lakini nilitaka kukupiga. Miaka mingi, ila si maisha. Halafu kuna huyu: ameacha jiko la mkaa mlangoni kwa uvivu, ukajikwaa, ukafa. Huyu hakutaka kitu chochote. Hata kufagia hakutaka. Huo ni uzembe: miezi, au miaka michache, na faini."

Shafiq alikuwa ndiyo kwanza amerudi, anafuta mikono kwa kitambaa cha gereji. "Na mtu aliyekimbiza mgonjwa hospitali na gari lililoletwa kutengenezwa breki?"

Wote wakamgeukia.

"Breki zilikuwepo," akajitetea. "Ziko kidogo."

"Ungemgonga mtu, Shafiq, ungekuwa mfano wangu mzuri kuliko wote," Umutoni akasema. "Ulijua breki ni mbovu, ukaendesha hivyo hivyo. Protas yukoje?"

"Anapumua. Hasemi."

"Basi hajafa," wakasema watu, na wengine, Mungu awasamehe, walisikika kama wamepunjwa.

"Kwa hiyo hakuna mauaji!" Vitalis akapiga meza. "Mama, uko huru!"

Ndege ilikuwa inashuka, na ilimpa Umutoni nafasi ya kutafuta namna ya kulisema. Ilipopita, akasema polepole, akimtazama shangazi yake: "Sumu ina kifungu chake. Haisubiri mtu afe. Ukimpa mtu sumu kwa kujua, awe amekufa, awe amepona, ni kifungo cha maisha."

Athanasie akafumba macho.

"Kwa kujua," akarudia Shafiq.

"Ndiyo. Kesi nzima iko hapo. Kama jagi lilikuwa chafu na hakujua, ni uzembe. Kama pombe haina kosa kabisa, hakuna kitu. Sheria inataka kujua moyo wake ulikuwa wapi."

Sheria ya Kabeza ilikuwa fupi zaidi: hukuonja, ulijua. Lakini maelezo ya Umutoni yalifanya kazi kidogo, na hapo ndipo Athanasie aliposhushwa cheo. Mzee mmoja akasema labda ni jagi tu, halikuoshwa. Mwingine akasema labda ni ndizi. Ndipo macho yakatua kwenye kikombe cha pili, cha Vitalis, kilichojaa mpaka ukingoni, povu limeshatulia.

"Bwana Vitalis," akasema Shafiq kwa upole wa kutisha. "Si umesema Mama yuko huru? Ni jagi moja. Kunywa."

Vitalis akakitazama kikombe. Akamtazama Athanasie, aliyemlisha kwa miaka mitatu. Akafungua mdomo. Simu yake, ambayo haikuwa imelia, akaipokea. "Hallo, boss? Jumamosi? Sasa hivi?" Akaondoka akiongea na kiganja chake mpaka kona ya duka la rangi.

"Basi Mama mwenyewe," watu wakasema. "Mama, piga funda moja tu, tulale. Moja tu!"

Hii ndiyo ilikuwa mahakama yenyewe, msije mkadanganyika. Umutoni akamwinamia sikioni. "Shangazi, onja. Mungu ataelewa."

Athanasie akakishika kikombe. Akakirudisha mezani.

"Nilisema mpaka Pasaka."

"Yewe Mana, ee Mungu!" Umutoni akashika kichwa. "Padri mwenyewe angekunywa!"

"Basi mwiteni padri."

Mpelelezi wa polisi alipofika, alikuta mambo yako hivyo. Alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye viatu vya kutembelea. Akachukua jagi, akachukua na kikombe cha Vitalis, akavifunga kwa ajili ya maabara, akakaa na Athanasie pembeni, Umutoni akisikiliza huku anajing'ata kucha.

"Ulijua kuna nini ndani ya jagi?"

"Pombe."

"Zaidi ya pombe?"

"Ndizi."

"Ulikuwa na ugomvi na Protas?"

"Protas ndiye anasifu ndizi zangu. Nikimuua huyo nabaki na Vitalis."

"Kwa nini hukuonja?"

"Kwaresima."

Mpelelezi akainua uso, akamtazama kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. Akamwambia arudi nyumbani, asitoke mjini, asubiri majibu.

Jumapili baada ya misa ya kwanza ndipo alipopandishwa cheo tena, kwa sababu mtu alikumbuka kwamba Athanasie aliwahi kuwa na mume. Na huyo mume yuko wapi? Ehee. Mtu ambaye kwa miaka yote alikuwa amekufa kwa ini, akaanza kufa upya, kwa namna mpya kila jioni. Jumatatu mwanamke wa jumuiya alipita, akakaribishwa chai, akasema tumbo limejaa, akaenda kunywa chai nyumba ya pili. Mkaa ukabaki baridi. Mbuzi aliyekuwa amechinjwa akaliwa na familia mpaka watoto wa kaka yake Umutoni wakaomba dengu.

"Maabara itasema ukweli," Umutoni akamwambia, wakiwa wamekaa kwenye meza zisizo na watu.

"Maabara itaniambia mimi. Itawaambia wao?" Athanasie alikuwa anasugua meza iliyokuwa safi tayari. "Sikia, mwanangu. Gereza iko na mlango. Unaingia, siku moja unatoka. Lakini wakikuita mrozi, mtu wa sumu, hakuna tarehe ya kutoka. Nitaweka maji hapa, hata nzi hatakunywa."

Ni mara moja tu tulimsikia akisema hivyo, na hakurudia.

Umutoni akaacha vitabu akaenda hospitali. Protas alikuwa ameketi kitandani, mzima, amekasirikia uji. Alipoambiwa kwamba Kabeza imeshamzika na sasa inamfukua hata mume wa Athanasie, kicheko chake cha kawaida hakikuja. Alitazama dirishani. Akauliza kama Athanasie yuko karibu. Akaambiwa hapana. Ndipo akavuta droo ya kando ya kitanda na kutoa vidonge.

Vilikuwa vya amiba, vile ambavyo kila muuza dawa anakuonya kwamba havikai nyumba moja na pombe.

"Shemeji yangu muuza dawa aliniambia," Protas akasema. "Nikafikiri ni maneno yao tu, ili watu wasifurahi."

"Sasa kwa nini hukuwaambia madaktari? Mpelelezi alikuja hapa!"

Protas akashusha sauti. "Wangeuliza amiba niliipata wapi."

"Wapi?"

"Mishikaki. Kwa watu wengine." Akafunika uso kwa shuka. "Nilikula kwa watu wengine, binti yangu. Mara mbili. Athanasie akijua nitamtazama vipi?"

Umutoni alisimama pale, kifungo cha maisha cha shangazi yake mkononi, na mtu mzima mbele yake anaona aibu ya mshikaki. Anasema alifikiria kwa ukweli kabisa ile ngumi ya kipande cha ini, na ule ukingo wa saruji.

Protas alimweleza mpelelezi yote siku hiyohiyo. Majibu ya maabara yakaja: pombe, ndizi. Daktari akaandika kilichotakiwa kuandikwa. Kwa upande wa serikali hapakuwa na kukusudia, hapakuwa na uzembe, hapakuwa na kosa. Kulikuwa na Mhaya asiyesikia. Athanasie alipewa karatasi, akaibandika ukutani karibu na leseni.

Hakuna aliyekuja. Watu walipita, wakaisoma kutoka barabarani, wakasema ni karatasi nzuri, wakaendelea na safari. Karatasi hainywi.

Jumapili iliyofuata Protas akaja mwenyewe. Alikuja wakati watu wanatoka kanisani, akakaa meza ya mbele kabisa, ile inayoonekana na barabara nzima. Watu wakasimama ng'ambo, wakijifanya wanangoja pikipiki. Vitalis alikuwa miongoni mwao, na pikipiki tano zilimpita.

"Dada yangu," Protas akasema kwa sauti ya dalali, "daktari amenikataza pombe. Nipe Fanta."

Athanasie akaleta Fanta, imefungwa, na kifungulio, kama inavyotakiwa. Akaiweka mbele yake.

Protas hakuigusa. "Hapana. Irudishe jikoni."

"Haina baridi?"

"Iko sawa. Irudishe jikoni, uifungulie hukohuko. Nyuma ya pazia. Halafu uniletee."

Ng'ambo ya barabara mtu akasema "Eeh!" kama aliyechomwa sindano. Umutoni anasema hakuwahi kuona kitu kama kile. Watu wetu wanaweza kupeana binti, ng'ombe na siri za familia, lakini chupa iliyofunguliwa jikoni hawapeani. Athanasie alisimama, chupa mkononi. Akageuka, akaingia nyuma ya pazia.

Tukasikia kizibo. Halafu akakaa huko. Alikaa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na nadhani alifuta uso, lakini Kabeza ilihesabu muda huo kwa namna yake, na Protas alijua inauhesabu, akaweka mikono nyuma ya kichwa na kutazama ndege.

Athanasie akatoka na chupa iko wazi. Protas akaipokea, hakuinusa, akaitia kinywani, akanywa yote bila kupumua, akaiweka mezani kwa kishindo. Akacheua.

"Nyingine," akasema. "Hukohuko."

Shafiq ndiye aliyevuka barabara wa kwanza. "Mimi maracuja, Mama. Ya jikoni." Nyuma yake akaja mzee wa jagi chafu, na yule mama wa chai. Kila mtu alitaka ya jikoni. Waliokunywa bia walikataa kufunguliwa mezani kana kwamba wametukanwa. Kifungulio kikachoka nyuma ya pazia, mkaa ukawaka, na marehemu mume wa Athanasie akaruhusiwa kurudi kwenye ini lake.

Vitalis alifika wa mwisho. Watu wakampokea kwa heshima zote.

"Wakili! Boss amekuachia?"

"Simu imenyamaza?"

"Karibu digrii ya kwanza!"

Alivumilia. Akaomba jagi, akajimiminia mwenyewe, akanywa kikombe kizima cha toba, kisha akasimama juu ya stuli, maana wakili hata akiaibika lazima afunge hoja.

"Ndugu zangu! Tumekuwa na shahidi mmoja tu wa moyo wa huyu mama, naye ni Mungu. Mbele ya kifungo cha maisha, mbele ya sisi wanafiki, na mimi nikiwa wa kwanza, aliombwa funda moja, funda moja tu la kujiokoa, akakataa! Kwa sababu ya nadhiri! Mama Athanasie, tueleze, nasi tujifunze: siku ile ya Jumatano ya Majivu, wewe na Mungu wako, ni jambo gani zito mliloahidiana, hata ukawa tayari kufungwa kwa ajili yake?"

Kila mtu akashika glasi yake. Hata ndege haikupita. Athanasie akageuza mishikaki, akapuliza mkaa, akaifuta mikono kwenye aproni.

"Gauni la Pasaka lilikuwa halifungi zipu."